Chungu na Asili

Katika maswali yanayomfuata mtu aishiye mbali na nchi ya wazee wake, limo moja ambalo kwa sura ni dogo, hata laweza kudhaniwa kuwa halistahili kuulizwa mbele ya watu wa elimu. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu aweza kuikuta asili yake chunguni? Mtu ambaye hakuzaliwa Bara Hindi, wala baba yake hakuzaliwa huko. Ambaye lugha ya babu zake anaijua nusu, na maandishi yake hawezi kuyasoma. Mtu huyo akichukua jira, iliki na mdalasini, akavikaanga katika samli kama alivyofanya bibi yake, amefanya nini hasa? Amepika chakula tu, au amewaita wazee wake nao wakamwitikia?

Aghalabu watu hujibu upesi kwamba amewaita. Jibu hili ni tamu, lakini utamu si ushahidi. Lapasa kupimwa, na kipimo cha jambo kama hili hakipatikani katika maneno matupu. Hupatikana mahali penye watu, njia, maduka na majiko. Mahali pamoja pafaapo kwa kazi hiyo ni Segera.

Segera ni njia panda katika Wilaya ya Handeni, jirani na Korogwe. Barabara itokayo Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze hufika hapo ikagawanyika: mkono wa kulia huenda Muheza na Tanga, mkono wa kushoto huenda Korogwe, kisha Moshi na Arusha. Mabasi yakisimama, wachuuzi huyazunguka na machungwa, na katika hoteli za kando ya njia msafiri hupata chai ya maziwa yenye tangawizi, chapati, sambusa, bajia, na wali au pilau kwa kachumbari. Mzigua wa Handeni, Msambaa wa Korogwe, Mdigo wa Tanga na Mchaga arudiye kwao hukaa katika benchi moja na kula vitu hivi bila kufikiri. Majina ya chapati, bajia, kachumbari na achari yalivuka bahari kutoka Bara Hindi. Pilau na sambusa zina ukoo pia katika Uajemi. Lakini mpishi wa Segera akiulizwa chapati ni chakula cha kabila gani, yaelekea atajibu kuwa ni chakula cha asubuhi.

Hapo basi pana urithi wa Kihindi uliosahau kuwa ni wa Kihindi. Upande wa pili wako wajukuu wa wenye maduka wa Korogwe, Handeni na Tanga, waishio sasa katika miji ya Uingereza na Kanada, ambao husukuma chapati kwa uangalifu mkubwa, wakijua katika kila duara kwamba wanafanya jambo la wazee. Huyu wa Segera anayo chapati bila kumbukumbu. Yule wa ng'ambo anayo chapati pamoja na kumbukumbu, na pengine kumbukumbu ni kubwa kuliko chapati. Ni nani kati yao aliyerithi?

Wahindi hawakuja katika nchi hii kwa siku moja wala kwa njia moja. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, chataja ngano, mchele, samli na mafuta ya ufuta vikitolewa bandari za magharibi ya Bara Hindi na kupelekwa kwenye masoko ya Pembe ya Afrika. Samli, kwa hiyo, ilikuwa baharini kabla Uislamu haujaja duniani. Katika karne ya 19 pepo za kaskazi zilileta Unguja na Bagamoyo wafanya biashara wengi wa Kachchh na Kathiawar. Sewa Haji alikuwa na shughuli zake Bagamoyo, na Allidina Visram, aliyeanzia hapo hapo, alitandaza maduka yake katika njia za misafara hadi Uganda. Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, mwaka ule ule Richard Hindorf alipoleta mkonge. Garimoshi likafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Palipopita reli, na palipopandwa mkonge, duka la Mhindi lilifuata. Mbele ya duka kulikuwa na chumvi, sukari, unga wa ngano, mafuta ya taa na vitambaa. Nyuma ya duka kulikuwa na jiko, na mambo ya jiko hilo ndiyo yahusuyo insha hii.

Mke aliyeletwa kutoka Kachchh hakufika akiwa mikono mitupu. Alikuja na mbegu na majani makavu katika vifurushi, na achari katika chupa; alikuja pia na elimu isiyofungika katika kifurushi. Alijua mafuta yamepata moto kwa kutupia punje moja ya jira na kusikiliza. Alijua bizari ya manjano ikizidi huleta uchungu, na kwamba mdalasini hutangulia na giligilani hufuata. Hakupima kwa kikombe. Alipima kwa kiganja, na kiganja chake kilikuwa kimepimwa na kiganja cha mama yake. Lakini nchi aliyoikuta haikuwa na kila kitu alichokijua, na ilikuwa na vingi asivyovijua. Kachchh ni nchi kavu, ya uwele na maziwa. Kupika kwa tui la nazi si desturi yake. Hapa alikuta nazi kutoka pwani ya Tanga, akaona jinsi inavyokunwa juu ya mbuzi na kukamuliwa katika kifumbu. Alikuta muhogo na mchicha. Alikuta watu wanaosonga ugali. Mwaka wa kwanza pengine alilia. Mwaka wa kumi alikuwa akimtia kuku katika tui zito lenye ndimu na pilipili, na kumwita kuku paka, na muhogo akaukaanga na kuunyunyizia pilipili na chumvi. Kiswahili kiliingia jikoni pamoja na nazi. Mpaka leo Wahindi wenye asili ya Afrika ya Mashariki, wakisema Kigujarati au Kikachi, husema kisu, sufuria na fagio, na muhogo huuita mogo.

Hapa husimama mtu wa asili halisi na kupinga. Husema kuwa chakula hicho si cha Kihindi tena. Kwamba bibi huyo aliiacha njia, na mjukuu wake anapodai kuonana na Bara Hindi katika kuku wa nazi, anaonana na Tanga. Huongeza methali: mwacha asili ni mtumwa. Pingamizi hili si la kupuuzwa, kwa maana sehemu yake moja ni kweli tupu. Hata hivyo, mwenye kulitoa apaswa kuulizwa pilipili yake aliitoa wapi. Pilipili kali, ambayo bila yake wengi hawawezi kukifikiria chakula cha Kihindi, ni mmea wa Marekani. Wareno waliisafirisha katika karne ya 16, na kabla ya hapo wazee wa Bara Hindi walitafuta ukali katika pilipili manga na tangawizi. Nyanya ya mchuzi ni ya Marekani. Kiazi cha ndani ya sambusa ni cha Marekani. Muhogo na mahindi ya Uzigua, vinavyohesabiwa kuwa chakula cha jadi, navyo ni vya Marekani. Karafuu ya pilau ilitoka visiwa vya Maluku ikapandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kisha Bara Hindi likawa mnunuzi mkubwa wa karafuu hiyo, hata mwaka 1937, sheria za biashara ya karafuu zilipowaumiza wafanya biashara wa Kihindi wa Unguja, chama cha Congress huko Bara Hindi kiliunga mkono kususia karafuu ya Unguja. Ni mara chache siasa kuingia chunguni waziwazi namna hiyo.

Mtu akirudi nyuma akitafuta chungu kisichochanganywa, atarudi mpaka aache kula. Plutarch wa Uyunani alisimulia habari za jahazi la Theseus, lililohifadhiwa na watu wa Athens. Kila ubao uliooza ulitolewa ukatiwa mpya, na wanafalsafa wakagombana kama jahazi ni lile lile au jingine. Ugomvi huo ungekwisha mapema zaidi kama wangemuuliza mpishi. Mpishi hana ubao hata mmoja wa jana. Kila alichokipika kimeliwa. Kilichobaki kwake ni namna ya kufanya: kipi kitangulie na kipi kifuate, harufu ipi iashirie kuwa kitunguu kimeiva, siku gani kitamu hiki hupikwa na siku gani hakipikwi. Urithi wa jikoni ni desturi ya mkono, na desturi ya mkono yaweza kuhamia kwenye nazi bila kupotea, kama mwandiko wa mtu usivyopotea kwa kubadili wino.

Mfano wa mbaazi waonyesha jambo hili kwa upande mwingine. Mbaazi ni mmea wa kale wa Bara Hindi, ukavuka bahari zamani hata mtu wa pwani akaupikia tui la nazi na kuula kwa mandazi. Wahindi wa Afrika ya Mashariki wakaupokea upya kutoka kwa Waswahili, wakauita bharazi, kwa jina la Kiswahili na mapishi ya Kiswahili. Mtoto alirudi nyumbani na nguo za ugenini na wazazi wakampenda zaidi. Tena mbaazi za mkulima wa Tanzania huuzwa Bara Hindi kwenyewe. Na mwaka 2017, serikali ya huko ilipoweka mpaka wa kiasi kiingizwacho, bei ilianguka vibaya na wakulima wa hapa wakabaki na magunia. Mla dengu wa Gujarat na mlima mbaazi wa Tanzania hawajuani, lakini mmoja akifunga kinywa mwingine hulala njaa.

Yafaa kusema pia, kwa kupita, kuwa hata jina la Mhindi ni la kupewa. Aliyepanda jahazi alikuwa Mkachi, Mgujarati, Mpanjabi au Mgoa. Alikuwa Ismailia, Bohora, Mhindu wa tabaka hii au ile, au Singasinga. Wengine kati yao wasingekula katika sahani moja huko kwao. Mgeni aliyewatazama kutoka nje ndiye aliyewaita wote Wahindi, nao wakaanza kufanana. Kwa hiyo asili ambayo mjukuu huitafuta, kwa sehemu kubwa, iliundwa ugenini, na chungu kilikuwa mmoja wa mafundi wake.

Mpaka hapa hoja imekwenda vizuri kwa mpishi, labda vizuri mno. Jiko lina mlango, na haifai kusifu kilichomo ndani pasipo kutaja nani alizuiwa mlangoni.

Katika nyumba nyingi za Wahindi wenye uwezo, na za Wazungu kadhalika, mikono iliyosonga, kuosha, kukuna na kukaanga ilikuwa mikono ya Mwafrika. Aliitwa boi hata akiwa na wajukuu. Mtu huyu, pengine Mzigua, pengine Msambaa au Mbondei, alijifunza kusikiliza punje ya jira katika mafuta sawasawa na binti wa nyumba, na mara nyingine ndiye aliyemfundisha binti huyo, kwa maana mama alikuwa dukani. Yeye ndiye aliyeonyesha namna ya kukamua tui. Lakini katika nyumba nyingine kikombe chake kilitengwa, na mahali pake pa kulia palikuwa uani. Watetezi husema kwamba sheria za usafi wa dini zilikuwa kali hata kati ya Wahindi wenyewe, na kwamba wengi wao hawakuwa matajiri bali makarani, mafundi na vibarua wa reli waliokula walichopata. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo sheria iliyoukubali mkono wa mtu ndani ya unga na kuukataa ndani ya sahani haikuwa ya usafi. Ilikuwa ya cheo, na serikali ya kikoloni, iliyowapanga watu kwa rangi kama bidhaa katika rafu, iliitia nguvu.

Basi swali la mwanzo limegeuka. Mjukuu alitaka kujua kama chungu kitamuunganisha na wazee wake. Kitamuunganisha bila shaka, ila hakitamchagulia wazee. Akiita, wataitika wote waliogusa chungu hicho, na mmoja wao alikuwa amekaa uani.

Kuna methali isemayo: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wenye duka waliiamini kwa njia yao, na wenyeji waliiamini kwa njia yao, na historia ikaonekana kuithibitisha. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Iliandikwa bila kutaja kabila, lakini wengi wa wenye majengo hayo walikuwa Waasia, na tangu hapo nyumba nyingi za Tanga na Dar es Salaam zilipoteza watu wake. Ubepari wa majumba ulikuwa jambo la haki kushambuliwa. Kwamba karani na fundi waliondoka pamoja na bepari ni jambo ambalo halikushughulikiwa kwa uzito uliostahili. Uganda palikuwa pabaya kupita kiasi. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90. Zaidi ya 27,000 walikwenda Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende huko, nao wakaenda.

Lakini chapati haikuondoka. Jambo hili lastahili kufikiriwa kuliko linavyofikiriwa. Nchi iliyowafukuza watu kwa kuwa ni wageni iliendelea kula chakula chao, na leo chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, iitwayo roleksi, ni fahari ya barabara za Kampala. Mtu aweza kusema kuwa huu ni ushindi wa chakula juu ya chuki. Hukumu iliyo karibu zaidi na haki ni kwamba ulimi ulikubali kile ambacho moyo ulikataa, na kwamba hili ni kosa lile lile la kikombe kilichotengwa, likiwa limegeuzwa upande: pale mkono ulipokewa na mtu akakataliwa, hapa mkate umepokewa na mtu akakataliwa. Methali ya mla nawe husema kweli juu ya siku ya hatari. Juu ya deni haisemi kitu. Na aliyekula ana deni, azaliwe popote.

Huko Leicester, na London, na Toronto, mambo yalitokea ambayo mke wa Kachchh asingeyatazamia. Mogo huuzwa mikahawani na kuliwa kwa pilipili na ndimu. Yasmin Alibhai-Brown, mwandishi aliyezaliwa Kampala akahamia Uingereza mwaka 1972, aliandika maisha yake na ya watu wake katika kitabu kiitwacho The Settler's Cookbook, akichanganya historia na mapishi. Mtoto aliyezaliwa Uingereza huuliza ni kipi chakula cha kwetu, naye hupewa kuku paka, chakula ambacho neno lake la kwanza ni la Kiswahili. Akienda Gujarat na kukitaja, wengi hawatajua anachotaka. Akishuka Tanga na kukieleza, ataambiwa akae. Chungu alichodhani kuwa ni daraja la kwenda Bara Hindi kimemtua kando ya Bahari ya Hindi, upande huu. Je, amedanganywa? Hapana. Amepewa anwani iliyo sahihi kuliko aliyoiomba.

Nani basi aliyerithi, yule wa ng'ambo mwenye kumbukumbu au huyu wa Segera mwenye chapati? Jibu la kuwapa wote wawili fungu sawa lingekuwa la adabu, lakini si la kweli. Wa Segera ameurithi mkono: chapati kwake ni hai kiasi cha kutohitaji kuulizwa baba yake. Wa ng'ambo ameirithi habari, nayo ni mali, ila habari aliyonayo ina pengo, naye pekee ndiye awezaye kuliziba, kwa kuwa ndiye anayeandika. Kwa maana sasa huandika. Humpigia bibi yake simu na kumuuliza kiasi cha chumvi, na bibi humjibu, "Kiasi," naye huomba apimiwe kwa kijiko. Mapishi hayo huandikwa kwa majina: hii ni achari ya bibi fulani, hii ni bharazi ya shangazi fulani wa Korogwe. Yule aliyekuna nazi huandikwa kuwa ni mpishi wetu. Alikuwa na jina. Bibi analijua, na jina la kijiji chake pia, na pengine la watoto wake; naye bibi ni mzee, na simu ipo mkononi.